Kila Saa Nane

Vidonge kumi na vine. Daktari alivimwaga kwenye trei ya chuma, akavisukuma kimoja kimoja kwa ncha ya kibano, na kila kimoja kilipogonga ukingo wa trei hasira zake zilipanda.

"Kumi na vine," alimwambia fundi cherehani aliyelala kwenye kiti cha meno, macho yameganda kwenye taa. "Nilikupa ishirini na kimoja. Siku saba zimepita. Haya, niambie mwenyewe, hivi ni nini?"

"Ni vilivyobaki," alisema yule mama.

"Najua ni vilivyobaki! Kwa nini vimebaki?"

"Mimi nameza, Daktari. Kila saa nane. Sijaruka hata siku moja."

"Hajaruka!" Daktari alimgeukia nesi aliyesimama mlangoni. "Umemsikia? Hajaruka hata siku moja. Basi vidonge vimezaana humo ndani ya bahasha."

Mlango ulikuwa wazi na benchi la ukumbini limejaa. Watu wakacheka. Fundi hakucheka, alijifuta mdomo kwa kitambaa. Daktari akambonyeza ufizi wa chini kwa kidole chenye glavu, na usaha ukachuruzika kando ya meno mawili ya mbele, yale yale aliyokuwa na matumaini nayo wiki iliyopita. Akayashika kwa kibano, yakacheza huku na huko.

"Sina la kufanya na mtu asiyejitakia mema," alisema, kwa sauti ya kufika mpaka mwisho wa benchi.

Akayang'oa yote mawili. Meno mawili ya mbele yaking'olewa kwa mtu anayekata uzi kwa meno tangu utoto wake, hapo si meno tu yanayotoka. Lakini siku hiyo Daktari hakuwa na nafasi ya kufikiria uzi. Alimrudishia vidonge vyake kumi na vine, akamwambia avimalize na arudi Jumanne ijayo kuangaliwa kidonda, akaita mwingine.

Jamani, msije mkasema huyu Daktari ni mtu mbaya. Mtaani walimwita Mama Koleo, na jina hilo lilimchoma, kwa sababu hakuna kitu alichokichukia duniani kama koleo. Miaka kumi na tisa ya kazi, na kila jino alilong'oa alilihesabu kuwa ameshindwa. Furaha yake ilikuwa ufizi uliokuja umevimba, mwekundu, unavuja damu ukiguswa tu, halafu ukarudi baada ya wiki mbili umetulia, umelishika jino lake barabara. Angekuonyesha ufizi wa namna hiyo kama watu wanavyoonyesha picha za wajukuu.

Na ndiyo maana miezi mitatu iliyopita ilimtia wazimu. Ilianza baada ya semina. Huko walikumbushwa jambo ambalo kila tabibu analijua na wagonjwa hawalijui: dawa ya kuua bakteria inataka kumezwa kwa saa zinazopishana sawasawa. Ukimwandikia mtu "mara tatu kwa siku" atameza asubuhi, mchana na jioni kabla jua halijazama, halafu usiku kucha bakteria wanabaki na mdomo peke yao, wanafanya wanavyotaka. Daktari alirudi kutoka semina amepania. Alikwenda mwenyewe kwa mchonga mihuri, akamwandikia maneno kwenye karatasi kwa mkono wake, na baada ya siku mbili akaja na muhuri mpya wenye mpini wa mbao. Akaupiga kwenye bahasha ya kwanza ya dawa, kwa wino wa zambarau, akaiinua juu ili ikauke:

KIDONGE KIMOJA KILA SAA NANE
BAADA YA CHAKULA

Nesi, ambaye ndiye aliyekaa kwenye dirisha la dawa, aliisoma mara mbili. "Hii 'kila saa nane', Daktari... watu wataielewa?"

"Nesi, hawa ni watu wazima. Wanajua kusoma."

Nesi akauchukua ule muhuri, yakaisha. Foleni dirishani haikuruhusu majadiliano: mtu anapewa bahasha, anaambiwa fuata maelekezo, anaitwa anayefuata.

Sasa ona maajabu. Kuanzia hapo fizi zilikataa kupona. Daktari alisafisha, alikwangua ugaga, ule uchafu ulioganda kwenye meno, mpaka kwenye mizizi, alikamua usaha, akatoa dawa, na baada ya siku saba watu wakarudi vile vile, bahasha zimejaa. Kwanza akalaumu dawa, akaandika barua stoo kulalamika kwamba wameletewa chaki. Stoo wakajibu dawa ni nzima. Akalaumu sukari, akalaumu tumbaku. Mwishowe akawalaumu watu wenyewe, na hao ndio waliomfaa zaidi, kwa kuwa walikuja na ushahidi mkononi. Kwenye daftari la wagonjwa akaanza kuandika kwa kalamu nyekundu mbele ya majina yao: HAFUATI MASHARTI. Ukurasa mmoja ulikuwa na tisa. Akifika nyumbani anatupa mkoba kitini, anamwambia mumewe, "Watu wa mji huu wana kichwa kigumu! Nasema na ukuta mimi!"

Halafu akaja baba mkwe.

Baba mkwe alikuwa mtangazaji wa redio, sasa amestaafu, na mji mzima ulimwita Saa Kamili, kwa kuwa miaka thelathini na mbili ndiye aliyewaambia watu sasa ni saa ngapi. Kila Jumamosi bado walimwita studio kusoma barua za wasikilizaji. Hicho kipindi ndicho kilichomfanya abaki kuwa mtu. Mkewe alikwisha fariki, rafiki zake wametawanyika, lakini Jumamosi asubuhi alivaa shati lililopigwa pasi, akaenda kusoma barua za watu, na njiani watu walimwamkia kwa kuiga sauti yake mwenyewe: "Sasa ni saa tatu kamili!" Alipenda, ingawa alijifanya kukunja uso.

Siku ya kwanza aliingia chumbani mle kwa aibu. Kumfungulia mkweo mdomo si jambo dogo, na yeye alikuwa mtu wa adabu zake. "Mwanangu," alisema akiwa bado amesimama, "ningekwenda kwa mwingine, lakini mumeo kanikataza."

"Keti, baba. Hapa mimi ni fundi tu."

Akaketi. Daktari akaingiza kile kichuma chembamba chenye alama za milimita kati ya ufizi na jino. Ufizi mzima huzuia kichuma kwenye milimita mbili, tatu. Kwake kilizama mpaka saba, kwenye meno manne ya mbele ya juu, na kilipotoka kilifuatwa na damu na harufu ambayo Daktari aliijua bila kuambiwa. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa unaoyashika meno hayo umeliwa, ila si wote. Palikuwa na cha kushikilia.

"Maambukizi ya bakteria kwenye fizi," alimwambia. "Yamekaa muda mrefu, baba. Lakini tukisafisha na ukameza dawa vizuri, meno haya hayaendi popote."

"Yakienda, mimi nimekwisha," alisema mzee. Alicheka kidogo, lakini hakuwa anatania. "Jaribu kusema 'msikilizaji' bila meno ya juu. Unatoa upepo tu."

Daktari akamsafisha kwa saa nzima, polepole, kama hajawahi kumsafisha mtu. Akampa dawa, bahasha ikapigwa muhuri.

Siku saba baadaye mzee alirudi na vidonge kumi na vine.

Daktari alivihesabu mara mbili. Kwa mgonjwa mwingine angepiga kelele. Kwa mkwe alijikaza, akauliza kwa upole, "Baba, dawa unameza?"

"Nameza. Kila saa nane."

"Hakuna unachosahau?"

"Mwanangu, mimi nisahau saa?"

Basi akasafisha tena, akampa bahasha nyingine. Wiki iliyofuata, vidonge kumi na vine vingine, na meno yanacheza zaidi, na mzee hasemi tena 's' bila mluzi. Jumamosi hiyo studio walimwambia apumzike kidogo. Neno hilo "kidogo" lilimnyima mzee usingizi, na mume wa Daktari akalileta mezani: "Wewe si ndiye bingwa? Baba yangu anakufa kwa unyonge, wewe unampa vidonge visivyofanya kazi."

"Vingefanya kazi angevimeza!"

"Baba hadanganyi."

"Vidonge navyo havidanganyi!"

Walilala wamepeana migongo. Kesho yake, mzee alipokaa kitini, Daktari alivimwaga tena kwenye trei, na safari hii ulimi ulimponyoka. "Baba, mimi nakuheshimu. Lakini unanidanganya."

Mzee alimtazama. Alifunga mdomo wake polepole, akafunga na kifungo cha juu cha shati. Daktari aliona haya mpaka masikio yakawaka moto, ila alikwisha sema, na hasira ikimpanda alikuwa hajui kurudi nyuma. Akaeleza haraka haraka kwamba maambukizi yanaendelea kula mfupa, yakiachwa yatahamia kwenye meno ya jirani, kwa hiyo meno manne yatoke. Wakapanga Jumanne mchana.

Jumanne hiyo mzee alikuja na shati lake la Jumamosi. Benchi lilikuwa limejaa kama kawaida. Kwenye kona alikaa yule fundi cherehani, amekuja kuangaliwa kidonda, kashika kitambaa mdomoni. Mzee aliwasalimia wote, akaingia, akapanda kitini bila kushikwa mkono.

"Mwanangu," alisema, "nilifikiri nikuombe tusubiri. Halafu nikasema, nitaomba kwa uso gani? Tayari mimi ni mwongo."

"Baba, tafadhali."

"Haya, fanya kazi yako."

Alimchoma sindano ya ganzi, mbele, mara nne. Wakangoja dakika kumi. Daktari alimdunga ufizi kidogo kwa ncha ya chombo akauliza kama anasikia kitu, mzee akatikisa kichwa. Akachukua koleo. Haki ya Mungu, alimlaani mzee kwa ukaidi wake, na aliilaani ile fani aliyoisomea.

Mzee akainua kiganja. "Ngoja kwanza."

"Nini tena, baba?"

Mzee alikuwa anaangalia saa yake ya mkononi. "Bado nusu dakika." Akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati, akatoa bahasha yenye wino wa zambarau, akatia kidonge kimoja kiganjani. "Nesi, nipatie maji, mama."

Nesi alileta kikombe. Mzee alingoja, jicho kwenye mshale, kisha akatupa kidonge mdomoni na kunywa. Maji nusu yalimtiririka kidevuni kwa vile mdomo wa juu ulikuwa umekufa ganzi. Alijifuta, akanyoosha mgongo, na kwa ile sauti iliyoamsha mji mzima miaka thelathini na mbili, sasa imepinda kidogo, akasema, "Saa nane kamili."

Daktari alikuwa bado ameinua koleo. "Baba," alisema, "cha asubuhi ulimeza saa ngapi?"

"Cha asubuhi kipi?"

"Kidonge cha asubuhi."

"Asubuhi kuna saa nane?" Mzee alimshangaa. "Hapa umeandika kila saa nane, baada ya chakula. Nikasema, mkwe wangu kapanga vizuri. Saa saba nakula, saa nane nameza. Usiku nayo ipo saa nane, lakini nani anakula chakula usiku wa manane? Nikajua umekusudia ya mchana."

"Kimoja? Kwa siku nzima?"

"Kila siku, saa nane. Nimekuambia mara ngapi? Wiki tatu, sijachelewa dakika."

Loo! Daktari aliketi kwenye kile kistuli chake cha magurudumu, kikarudi nyuma mpaka kikagonga kabati. Koleo akaliweka chini. Alichukua ile bahasha akaisoma kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. Saba kwa siku saba. Ishirini na kimoja ukitoa saba, kumi na vine. Kumi na vine vya mzee, kumi na vine vya fundi, kumi na vine vya kila mtu aliyekalia kiti hiki miezi mitatu, na yeye na shahada yake ukutani hakuwahi kujiuliza kwa nini wakaidi wote wa mji wanakosea kwa hesabu ileile!

"Nilitaka kusema kila baada ya saa nane," alisema. "Umeze kimoja, zipite saa nane, umeze kingine. Mara tatu."

Mzee aliinyoosha bahasha kwa kidole. "Basi ungeandika 'baada'. Hili hapa, umelitumia kwa chakula. Kwenye saa ukalisahau." Akatikisa kichwa. "Neno moja, mwanangu. Redioni lingenifukuzisha kazi."

"Kwa nini hukuniambia unameza mchana tu?"

"Nilikuambia kila saa nane ukaniita mwongo. Baada ya hapo ningesema nini?"

Daktari aliomba radhi, na mzee akapunga mkono kama anayefukuza inzi, lakini macho yake yalikuwa yamelowa. Daktari alichukua vyombo vya kusafishia. Kwa kuwa ganzi ilikuwepo tayari, aliingia mpaka ndani kabisa kwenye mizizi, akatoa uchafu wote na usaha wote, akayafunga meno manne kwa waya mwembamba yashikane yasiendelee kucheza. "Siahidi kitu, baba," alisema alipomaliza. "Wiki tatu bakteria wamekula mfupa huku nikiwaangalia. Lakini leo hayatoki."

"Leo yananitosha."

Nesi alikuwa bado kasimama mlangoni na kikombe. Hakusema nilikuuliza. Angesema, ingekuwa afadhali. Daktari alinyoosha mkono, nesi akamletea muhuri, na daftari pia bila kuombwa. Alifungua kurasa. Wino mwekundu ulijaa juu mpaka chini. HAFUATI MASHARTI, HAFUATI MASHARTI. Yule mwashi alimng'oa magego mawili. Yule mwalimu mmoja. Dada wa posta matatu, akalia, na Daktari akamwambia machozi hayo angeyatoa mapema akameza dawa. Alitaka kuendelea kuhesabu, akashindwa. Alitoka nje na muhuri mkononi.

Watu wa kwenye benchi wakajiweka sawa. Walishamzoea: akitoka mwenyewe, kuna mtu anasemwa.

"Nani hapa ana dawa zangu?" aliuliza. "Mnameza saa ngapi?"

Walitazamana kwanza, kila mmoja akitafuta kosa lake. Halafu mtu mmoja akasema saa nane, mwingine naye saa nane, na kijana wa gereji akasema kwa kujihami, "Saa nane, Daktari, ila jana nilichelewa dakika tano." Mpaka kwenye kona, fundi cherehani akatoa kitambaa mdomoni. Pengo lilikuwa pale mbele, ufizi bado mbichi.

"Mimi nilishakuambia," alisema fundi. Maneno yalimtoka na upepo. "Kila saa nane."

Daktari alimsogelea, akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, kuna jambo. Njoo ndani tuzungumze."

"Hapana." Fundi hakuinuka. "Mimi ulinisema mbele za watu. Kama kuna jambo, nalo liseme mbele za watu."

Ukumbi mzima ulikuwa unasikiliza. Nyuma yake mlango ulifunguka, akasikia hatua za mkwe wake zikisimama. Daktari aliinuka.

"Hukukosea," alisema. "Hakuna aliyekosea hapa. Kidonge kilitakiwa kumezwa mara tatu kwa siku, na mimi niliandika vibaya. Mlimeza kama nilivyoandika. Kosa ni langu."

Fundi akainua uso. "Kwa hiyo meno yangu yangepona?"

Hapo angeweza kusema haijulikani. Tabibu yeyote angesema haijulikani, na isingekuwa uongo kamili. "Moja, ndiyo," alisema. "Naamini lingepona. Jingine sijui."

Hakuna aliyecheka. Fundi alipitisha ulimi kwenye pengo lake, taratibu, kama anayepima kitambaa. Kisha akafungua mkoba, akatoa bahasha iliyokunjwa vizuri, isiyo na doa.

"Vimebaki saba," alisema. "Leo nilikuwa sijameza, nilikuona una mtu ndani, nikasema nisitoke kwenye foleni nikaomba maji. Sasa niambie vizuri. Nimeze saa ngapi?"

Daktari aliomba kalamu. Akaukata ule mstari wa zambarau, na juu yake akaandika kwa mkono, herufi kubwa, huku akisoma ili wote wasikie: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Kisha akamwambia saba havitoshi, atamwongezea dirishani. Akamrudishia bahasha.

Fundi aliisoma yote, mwanzo mpaka mwisho, kidole kikifuata maneno.

"Kumbe ni rahisi hivi," alisema. "Mbona hukuandika hivi tangu mwanzo?"